Uinjinia: chuo chenye disko nyingi ndo chuo bora?

"Shikamoo Injinia. Nimemaliza fomu siksi mwaka huu, PCM, Fizikia nimepata B, Advansi (hesabu) C, Kemia C. Nimechaguliwa vyuo viwili, Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) uinjinia wa umeme na chuo kimoja binafsi hapahapa Dar, umeme pia. Natakiwa nikonfemu kimoja na siku zimebaki chache. Mjomba anasema chuo kigumu ndo chuo kizuri, niende Mlimani nisiulize maswali. Lakini kuna kaka hapa mtaani alidisko, yaani aliondolewa chuo kwa kufeli, pale mwaka wa pili, ananiambia kule ni kifo, nusu ya darasa wanaondoka, bora niende binafsi nipige GPA kubwa niajiriwe. Baba yeye anaona ningeomba DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), na wengine wanasema DIT unatoka fundi sio injinia. Sasa ntajuaje chuo kipi kina ubora, na ntajuaje kama nitakiweza? Kwa kweli usiku silali vizuri."

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwanza. B ya Fizikia na C ya Advansi sio matokeo ya kuombea radhi, na mtu yeyote wa ukoo akikuuliza mbona Kemia C mwambie kwenye umeme hakuna titresheni. Nimesoma swali lako naona kuna maswali matatu yamefungwa kwenye furushi moja: ubora wa chuo unapimwaje, ugumu wake unapimwaje, na wewe utaweza au hutaweza. Mjomba kayafanya yote swali moja, kaka wa mtaani nae hivohivo, ila wamepishana jibu. Mi nimefundisha umeme chuoni na siku hizi kazi yangu kubwa ni kukaa na vijana waliomaliza wanaofanya mafunzo ya kazini, wanatoka vyuo tofautitofauti, kwahiyo naona nani katoka ameiva na nani katoka mbichi, na nikuambie tu kwamba haifuati jina la chuo kama watu wanavyodhani.

Nianze na mjomba, kwa heshima zake. Kusema chuo kinachofelisha ndo kizuri ni sawa na kumsifia mpishi kwasababu watu wengi wameacha chakula mezani. Inawezekana chakula kilikuwa cha hali ya juu na walaji hawajakizoea, inawezekana pia kiliungua. Idadi ya waliofeli peke yake haikuambii ni lipi kati ya hayo mawili, lazima uulize ugumu umetoka wapi.

Upo ugumu unaotoka kwenye somo lenyewe, na huo haukwepeki. Sakiti zenye koili na kapasita utazikuta Mlimani, utazikuta DIT, utazikuta MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kule Mbeya, utazikuta Nairobi na Ujerumani, namba changamano ni zilezile na Laplace (hesabu za kutatulia sakiti) ni yuleyule, hakuna chuo chenye Laplace laini. Ukisikia chuo kinajisifu kwamba umeme kwao ni mteremko basi ujue kuna kitu kimerukwa, na kitu hicho utakuja kukutana nacho saiti mbele ya watu. Huu ndo ugumu unaolipa. Alafu upo ugumu wa mzigo: masomo sita saba kwa semesta, kila moja lina testi zake, ripoti za labu, asainimenti za grupu ambazo wawili wanafanya kazi na watatu wanaandika majina. Mzigo kiasi unafundisha kujipanga maana hata kazini hakuna anayekusubiri umalize moja ndo akuletee nyingine, ila ukizidi unazalisha kudesa tu, mtu anachukua ripoti ya mwaka jana anabadilisha jina na tarehe, na kuna wanaosahau hata hiyo tarehe.

Wa tatu ndo mbaya na ndo unaowachanganya wengi, ugumu wa uzembe. Lekchara anaonekana wiki ya tano, anafundisha topiki tatu kati ya nane, mtihani unatoka kwenye zote nane. Koswaki, yaani alama za testi na asainimenti, zinabandikwa siku mbili kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa semesta, kwahiyo hujui umesimama wapi. Mashine za labu zimekufa, zoezi mnalifanya kwa kuangalia picha kwenye slaidi, alafu mtihani unauliza vipimo mlivyopata. Chuo cha namna hiyo kinafelisha sana na hakifundishi, lakini mtaani kinaweza kupata sifa ya "chuo kigumu" na mjomba akakipenda. Ukikutana na mtu aliyefeli mahali usimuulize kama ni pagumu, muulize alifelije: mtihani uliuliza nini, kilifundishwa au hakikufundishwa, na baada ya kufeli testi ya kwanza nani alimwita. Majibu ya hayo matatu yatakuambia ugumu ulikuwa wa aina gani.

Sasa huyo kaka. Sidhani kama anakudanganya kuhusu yaliyompata yeye, ila hiyo "nusu ya darasa" isikutishe, kwasababu aliyedisko yupo mtaani anasimulia na aliyefaulu hayupo, yupo PT (mafunzo kwa vitendo) kwenye bwawa la Mtera huko au yupo maktaba anakesha. Na darasa linapungua kwa mengi, kuna wanaoahirisha kwa ugonjwa, wanaohama kozi, wanaokwama ada. Ukitaka ukweli chukua orodha ya waliohitimu mwaka wa karibuni kwenye kozi yako, huwa inachapishwa kwenye kitabu cha mahafali, linganisha na idadi ya waliodahiliwa miaka minne nyuma. Hesabu ya dakika kumi, na inashinda stori zote za kijiweni.

Kikubwa zaidi nataka uelewe watu wanadiskoje, maana ukishaona njia inavyopita inapunguza sana hofu. Uinjinia umepangwa kwa kufuatana. Hesabu za mwaka wa kwanza ndo zinatumika kwenye sakiti, sakiti zinatumika kwenye mashine za umeme na mambo ya signali, hizo nazo ndo msingi wa mifumo ya nguvu na kontroo ya mwaka wa tatu na wa nne. Mtu akiyumba kwenye hesabu semesta ya kwanza anapata sapu (mtihani wa marudio), ile likizo ambayo wenzake wako PT wanajifunza yeye kichwa kiko kwenye sapu, sapu ikigoma inakuwa keri, yaani somo analobeba kulirudia mwaka unaofuata, keri inagongana ratiba na masomo mapya, na masomo mapya yenyewe yanadai ile hesabu asiyoijua, kwahiyo mwaka wa pili anaingia na deni na riba juu. Ndo maana wengi wanadondoka mwaka wa pili kama huyo kaka na wanaulaumu mwaka wa pili, wakati shida ilianza mwaka wa kwanza, wiki za mwanzo kabisa, pale alipokuwa bado anazunguka kuizoea kampasi na bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) limeingia jipya.

Na wanaodondoka sio vilaza. Nimewaona wa divisheni wani wameanguka na wa divisheni tuu wamesimama mpaka mwisho. Fomu siksi ulikuwa na mwalimu anakusukuma, topiki moja mnakaa nayo wiki kadhaa, na mitihani ya NECTA ukishasolvu pasti pepa za miaka kumi unaanza kuziona sura zake. Chuoni semesta ni wiki kama 15, hesabu mnasoma watu mamia wa kozi tofauti kwenye ukumbi mmoja, lekchara anaandika mfano mmoja anaondoka, na vyuo vingi koswaki ni alama 40 na UE 60. Aliyezoea kukremu anakuja kugundua wiki ya kumi kwamba hana kitu, na wiki ya kumi koswaki zimeshaenda. Anayepona ni yule ambaye testi ya kwanza ikimpiga hajifichi, anaenda semina, anamfuata lekchara ofisini, anatafuta watu watatu wa kupiga nao msuli ambao kila mmoja anasolvu mwenyewe kwanza ndo wanalinganisha.

Kwahiyo kwa matokeo yako utaweza? Kwa Fizikia sina wasiwasi na wewe. Hiyo C ya Advansi inatosha kukuingiza na inatosha kukubakiza, ila haikupi nafasi ya kulala. Una muda hapa kabla chuo hakijafunguliwa, rudi kwenye vitabu vyako vya fomu faivu na siksi upige upya intigresheni, namba changamano, vekta na milinganyo ya difurenshia, basi, usihangaike na vingine. Hizo topiki nne ukiwa nazo mkononi mwaka wa kwanza utauona wa kawaida. Kusoma mapema vitabu vya chuo siwashauri watu, wengi wanajitisha bure.

Tuje kwenye ubora, hapa ntakaa kidogo. Njia ninayoiamini kuliko zote ni kusoma mitihani. Chagua somo moja la mwaka wa tatu, tuseme mashine za umeme, utafute UE ya somo hilo kutoka vyuo vyote viwili. Zipo, steshonari za nje ya geti zinaishi kwa kutoa kopi za vitu hivyo, na kule binafsi ongea na mwanafunzi yeyote wa mwaka wa nne atakurushia WhatsApp. Hutaelewa majibu, sio shida, angalia swali linataka nini. Kuna swali linasema: eleza mota ya induksheni inavyofanya kazi, taja faida zake nne. Hilo mtu analikariri usiku mmoja anapata zote. Kuna lingine linasema: mota ya fezi tatu, kilowati 15, volti 400, pawafakta 0.85, efishensi asilimia 90, iko mita 120 kutoka kwenye bodi, tafuta karenti, chagua kebo, onesha volteji haitashuka kupita kiwango, alafu sema utaiwasha kwa njia gani na kwanini.

Ona tofauti yake. Karenti ya hiyo mota inakuja kama ampia 28, hesabu ya mstari mmoja, hata wewe wiki ijayo ukifundishwa utaipata. Kazi ndo inaanzia hapo. Ukiiwasha moja kwa moja inavuta mara 5 mpaka 8 ya hiyo karenti kwa sekunde chache, taa za jengo zinafifia, na kebo uliyoichagua kwa kuangalia ampia 28 tu inaweza ikawa haifai kwasababu ya ule umbali wa mita 120. Mwanafunzi lazima akisie baadhi ya vitu, achague, na atetee alichochagua. Hiyo ndo kazi ya injinia yenyewe, na mitihani ya hivo inafelisha watu zaidi kuliko ile ya kutaja faida nne, ndio, hapo mjomba ana ukweli wake. Ukiona mitihani ya chuo kizima ni eleza, taja, fafanua, basi GPA ya 4.5 ya pale isikubabaishe.

Baada ya mitihani nenda labu. Usiende siku ya maonesho, siku hiyo kila chuo kina labu nzuri. Nenda siku ya kawaida umuulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu: osiloskopu (kifaa cha kuonesha mawimbi ya umeme) umeishika mwenyewe au umeangalia mwenzako akiishika? Benchi moja mnakaa wangapi? Wakiwa watatu wanne mnajifunza, wakiwa kumi na mbili wawili wanafanya na kumi wanapiga picha za matokeo. Angalia kama kuna teknishani na kama anajua mashine zake, labu inakufa au inapona kwa teknishani kuliko kwa profesa. Na labu inayong'aa sana nayo itilie shaka kidogo, ukikuta kifaa bado kina nailoni ya dukani wakati kozi ina miaka mitano jiulize mitano hiyo walikuwa wanatumia nini.

Omba pia uone projekti za mwaka wa nne. Mi nimeshaona mfumo wa kumwagilia bustani kwa Arduino (kibodi kidogo cha kuprogramu) mara nyingi mpaka nikisikia neno bustani nachoka, na sio kwamba ni wazo baya, shida ni kwamba unaukuta vilevile mwaka hadi mwaka na hakuna aliyepima chochote. Projekti yenye uhai utaijua kwa vipimo: alitaka nini, alipata nini, ilishindwa wapi, akabadilisha nini. Hata kama ni kitu kidogo cha kupima volteji ya transfoma ya mtaani kwao.

Waalimu usiwahesabu kwa PhD peke yake. Uliza nani anafundisha yale masomo magumu ya mwaka wa pili, ni wa kuajiriwa au wa kuazima, maana kuna waalimu wanafundisha vyuo vitatu kwa wiki moja na ukimtafuta umuulize swali yuko njiani kuelekea kingine. Uliza kama wapo waliosajiliwa kama wahandisi, wanaofanya na kazi za nje. Na PT, zile wiki kama 8 za likizo ndefu: chuo kinakusaidia kupata nafasi au unajitafutia mwenyewe kwa kupitia shangazi aliye TANESCO? Msimamizi kutoka chuoni anakuja kukukagua au logibuku inasainiwa tu? Kwa uzoefu wangu kijana aliyefanya PT tatu za kweli ukimpa kazi wiki ya kwanza unamjua.

Kuhusu ranki za mtandaoni sina mengi. Webometrics ambayo watu wanapenda kuirusha kwenye magrupu ilianza 2004 na watafiti wa Hispania, na sehemu kubwa inaangalia uwepo wa chuo mtandaoni na tafiti zinazonukuliwa, zile kubwa za dunia nazo zinabeba sana tafiti na sifa. Hakuna hata moja iliyoingia labu ya umeme ikahesabu watu kwenye benchi.

Sasa jambo ambalo sitaki ulipite mbio, usajili. Kuna mihuri miwili na watu wanaichanganya. Wa kwanza ni wa kukitambua chuo na programu yake kielimu, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa vyuo vikuu, NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) kwa vyuo vya ufundi kama DIT. Wa pili ni wa ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoanzishwa kwa sheria namba 15 ya 1997. Ukimaliza chuo unasajiliwa ERB kama mhandisi mhitimu, alafu unaingia SEAP, mpango uliopo tangu 2003, miaka mitatu unafanya kazi chini ya mhandisi mzoefu, unaandika ripoti zako, unahojiwa, ndo unakuwa mhandisi mtaalamu. Bila usajili sheria haikuruhusu kufanya kazi kama mhandisi hata kama digrii unayo na GPA inang'aa. Kwahiyo swali la kuuliza sio "chuo kinatambulika?" tu, uliza hii programu, yenye jina hili, ERB wanaitambua? Chuo kinaweza kuwa na programu tatu bodi inazijua na ya nne mpya bado.

Usione kama nakuza mambo. Majirani zetu Kenya liliwakuta. Kule uinjinia ni miaka 5, na bodi yao ya wahandisi, EBK, iliyoundwa na sheria ya 2011, ilivutana miaka mingi na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu juu ya nani mwenye mamlaka ya kuidhinisha kozi za uinjinia. Katikati ya mvutano wakakwama wahitimu, wamesoma miaka yao mitano, wamefaulu, wanaenda kujisajili wanaambiwa kozi yako hatuitambui. Hawakuwa wavivu na mitihani yao haikuwa rahisi, walikosa tu mtu wa kuwaambia waulize mapema.

Hapohapo nimalize hili la DIT na baba. Pale pana historia ndefu, kilianza 1957 kama taasisi ya ufundi, wazee wetu wanakiita Dar Tech mpaka leo, kikawa DIT kwa sheria ya 1997. Zamani kilikuwa kinatoa advansi diploma ya uinjinia ambayo kwenye usajili ilikuwa na daraja lake tofauti na digrii, ndo huko maneno ya "fundi" yalikotokea. Leo kinatoa digrii ya uinjinia na mhitimu wake anasajiliwa kama mhandisi mhitimu sawa na wa Mlimani. Wengi wao ninaowapokea mikono yao iko vizuri mapema, mwaka wa kwanza kazini wanawapita wenzao, kwenye uchambuzi wa kihesabu wengine inabidi wakazane baadae. Baba hajakosea. Ila wewe una nafasi mbili mkononi, usiziache kwa kusubiri dirisha lingine ambalo hujui litakupa nini.

Na hiyo ya kupiga GPA kubwa uajiriwe. GPA ina kazi yake, sitakudanganya. Ukitaka kubaki chuoni kufundisha unahitaji 3.8 kwenda juu, ukitaka skolashipu ya masta nje nayo inaangaliwa, na kampuni nyingine zinachuja kwa apa sekondi yaani 3.5. Lakini ajira za serikali zinapitia Sekretarieti ya Ajira, unaitwa na mamia ya watu kwenye usaili wa mchujo wa kuandika, na ule mtihani haujui ulisoma wapi wala ulipewa A na nani. Nimekaa upande wa wanaouliza kwenye usaili wa mdomo, kijana ana 4.4 anaulizwa kwanini nyutro inaunganishwa ardhini kwenye transfoma anaangalia dari. Inasikitisha kwasababu unaona kabisa sio kosa lake peke yake, kuna watu walimpa zile A.

Haya, tufanye uamuzi. Mlimani kitivo cha uinjinia kipo tangu 1973 na siku hizi kinaitwa CoET, waliopita pale wamejaa kwenye mashirika yote ya umeme, barabara na maji, kwahiyo ukienda kuomba PT au kazi unakuta kaka na dada zako wa chuo. Mitihani yao mingi ni ya lile swali la mota la aina ya pili. Ubaya wake ni madarasa makubwa, labu za kugombania, na hakuna mtu atakayekufuata kukuuliza mbona hukuja semina. Chuo binafsi kizuri kinaweza kukupa darasa dogo na lekchara anayekujua kwa jina, na kwa mtu ambaye akiachwa peke yake anapotea hilo sio jambo dogo hata kidogo. Ubaya ni ada, piga ya miaka yote minne sio ya mwaka wa kwanza, na kumbuka mkopo unaweza ukalipa sehemu tu na pengo lijazwe na baba. Kozi ya umeme iliyokatika mwaka wa tatu kwa ada haina bei popote.

Mimi kwa ulivyonieleza ningekonfemu Mlimani. Ningebadilisha mawazo kwa sharti hili: hicho chuo binafsi programu yake ERB wanaijua, umeona labu zake siku ya kawaida na wanafunzi wanashika vifaa, mitihani yake ya mwaka wa tatu inadai kuchagua na kutetea, familia inaweza ada bila kuuza kiwanja, na wewe mwenyewe unajijua kwamba shule ulikuwa unasoma pale tu mwalimu akiwa nyuma yako. Yote hayo yakiwepo nenda binafsi kwa amani, hutakuwa umepotea. Likikosekana la kwanza tu, mengine usiyaangalie.

Kwa siku ulizobakiza vitu vingine haviwezi kuamuliwa na mimi nikiwa mbali, lazima utoke. Vyuo vyote viko Dar, siku moja inatosha kuzunguka vyote viwili, ukiwa na mzazi au peke yako. Namba ya siri ya kukonfemu ikisumbua usihangaike na watu wa mtandaoni wanaoomba hela "wakusaidie", nenda ofisi ya udahili ya chuo husika. Kuhusu kutolala, siku mbili tatu za wasiwasi kabla ya uamuzi kama huu ni kawaida, lakini ukishaamua na hali ikaendelea wiki mbili, hula, huwezi kukaa na watu, usinyamaze, mwambie mzazi muende hospitali. Na ukifika chuoni ulizia ofisi ya mshauri wa wanafunzi ujue iko jengo gani kabla hujaihitaji. Wanafunzi wengi niliowaona wakidisko walifika kwenye hiyo ofisi barua ikiwa imeshaandikwa.

Ukienda ofisi ya ERB au ukiwapigia, usiwaambie tu "umeme". Wapelekee jina kamili la programu kama lilivyo kwenye ujumbe wako wa udahili, neno kwa neno, maana digrii ya umeme na digrii ya umeme na elektroniki kwao ni programu mbili tofauti, na moja inaweza kuwa kwenye orodha nyingine isiwepo.